Imamu Ameanguka Baada ya Kutoa Damu: Je, Tuache Kutoa?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, kuna swali ninaulizwa kwa simu, kwa ujumbe na hata barazani baada ya swala. Wengine wanauliza kwa adabu: "Ustadh, kwa yaliyokupata, sisi tuendelee kutoa damu kweli?" Wengine hawaulizi, wamekwisha kujijibu. Kijana mmoja wa hapa Arusha amesema wazi kwamba ikiwa imamu mwenyewe ameanguka, yeye hatoi hata tone. Nimeona nijibu kwa urefu, kwa sababu kimya changu kitachukuliwa kuwa ni jibu, na kuna mama atakayefika hospitali usiku akihitaji chupa mbili za damu, naye hana habari na mambo yetu ya barazani. Soma mpaka mwisho, in shaa Allah.

YALIYOTOKEA

Nilitoa damu Jumamosi asubuhi, kama nilivyozoea kwa miaka kadhaa. Wahudumu walinipima uzito, presha na wingi wa damu, wakaniuliza maswali yao, nikapita. Nikapewa kinywaji, nikapumzika, nikaondoka nikiwa mzima. Adhuhuri niliswalisha bila shida. Alasiri, nikiinuka kutoka sijida kuingia rakaa ya nne, macho yakaingia giza, masikio yakavuma kama maji ya mto, na sikujua kilichoendelea.

Nilipofumbua macho nilikuwa chali. Mmoja ananisomea Ayatul Kursiyyu sikioni, mwingine ananimwagia maji, wawili wananivuta mikono nikae. Alhamdulillah, katika safu ya pili alikuwepo muuguzi. Akawaambia waniache nilale, akanyanyua miguu yangu juu ya kiti, na baada ya dakika chache nikawa naongea vizuri. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amekwisha kusogea mbele na kuwamalizia watu swala.

Nje, habari zilitangulia mbio. Wa kwanza akasema sheikh kapigwa na jini. Wa pili akasema ni kijicho. Wa tatu, mzee kabisa, akakumbusha habari za mumiani tulizotishwa nazo utotoni, kwamba wapo watu wanaotafuta damu za wenzao, na hao wa gari la damu ni mumiani wenye vitambulisho. Tukacheka. Lakini maneno ya kuchekesha ndiyo yanayofika mbali.

KUZIMIA NI NINI?

Ndugu yangu, ukitoa damu unatoa kiasi cha mililita 450 katika lita kama tano ulizo nazo. Sehemu kubwa ya ulichotoa ni maji. Mwili hurudisha maji hayo ndani ya siku moja au mbili, ukiusaidia kwa kunywa. Kabla hayajarudi, ukisimama ghafla, ukikaa juani au ukisimama muda mrefu, damu huteremka miguuni. Wakati mwingine mishipa ya fahamu huupunguza mwendo wa moyo na kuitanua mishipa ya damu, na ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Hapo mtu huanguka. Huwapata zaidi vijana, wanaotoa kwa mara ya kwanza, wenye uzito mdogo, na aliyekuja na njaa, hofu au usingizi wa jana. Huweza kutokea kitini palepale, au saa kadhaa baadaye kama kwangu.

Sasa angalia hekima ya Allah. Mtu anapoanguka, kichwa na moyo huwa sawasawa, na damu hurudi kichwani kwa urahisi. Kwa hiyo ukimketisha unaizuia dawa iliyokwisha kuanza kufanya kazi. Mlaze chali, mnyanyue miguu, legeza kanzu shingoni, watu wampishe hewa. Msimpe kitu cha kunywa mpaka azinduke vizuri. Akichelewa kuzinduka zaidi ya dakika moja au mbili, akiumia kichwa, akilalamika kifua au pumzi, hapo ni hospitali, si jamvini. Kisomo ni haki, na mimi mwenyewe nasoma ruqya, lakini Ayatul Kursiyyu inasomeka pia mgonjwa akiwa amelala na miguu yake iko juu.

HUKUMU ZAKE KWA UFUPI

Kwa kuwa mengi niliyoulizwa ni ya fiqhi, shika haya.

1. Je, kutoa damu kunatengua wudhu? Katika madhehebu yetu ya Shafii, damu iliyotoka pasipo njia mbili haitengui wudhu. Osha palipochafuka, funga bandeji yako, swali. Katika madhehebu nyingine zipo kauli za kutengua, basi anayetawadha upya kwa tahadhari hakukosea.

2. Je, kuzimia kunatengua? Ndiyo, na katika hili wanazuoni wamekubaliana. Aliyezimia hata sekunde chache atawadhe upya. Na kuoga ni sunna, kwa sababu katika ugonjwa wake wa mwisho Mtume wetu (s.a.w.) alizimia, na kila alipozinduka aliomba maji akaoga, kama alivyosimulia Mama Aisha (r.a.).

3. Imamu akianguka, maamuma wafanye nini? Aliye nyuma yake asogee, awamalizie. Sayyidna Umar (r.a.) alipochomwa kisu ndani ya swala ya Alfajiri, alimshika mkono Abdurrahman bin Auf akamsogeza mbele. Ndiyo maana husimama nyuma ya imamu mtu anayejua swala, si kila aliyewahi nafasi.

4. Anayehisi kizunguzungu baada ya kutoa damu aswali vipi? Akae. Imran bin Huswain (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.), akafundishwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Siku ile Alasiri yangu niliirudia nikiwa nimekaa, na Magharibi nikamwachia mwenzangu.

5. Na swaumu? Wanazuoni wameipima kwa hijama. Kwa Mashafii hijama haifunguzi, kwa Mahanbali inafunguza. Lakini Anas bin Malik (r.a.) alipoulizwa kama walikuwa wakiichukia hijama kwa aliyefunga, alijibu kwamba hapana, isipokuwa kwa sababu ya udhaifu. Basi jambo la kuogopa ni huo udhaifu. Ramadhani toa baada ya futari ukiwa umekula na kunywa, au usubiri Shawwal. Ikiwa kuna mgonjwa hawezi kusubiri, toa, na ukidhoofika fungua, utalipa siku yako.

UCHOVU ULIOKUJA BAADAYE

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuzimia kwa siku ile ni habari ya maji na mishipa. Lipo jambo la pili linalokuja polepole bila kelele, nalo ni kupungukiwa madini ya chuma.

Baada ya wiki kadhaa nilijiona si yule. Kupanda kutoka barabarani kwenda juu Ilboru, njia niliyoizoea tangu ujana, kukawa kunanilazimu kusimama mara mbili. Moyo unadunda kwa kazi ndogo. Nasoma juzuu moja, akili inatoka. Usingizi nalala, asubuhi naamka nimechoka. Nikasema ni umri. Mke wangu hakukubali, akasema umri hauji kwa wiki sita. Nikaenda kupimwa. Hemoglobini ilikuwa imeshuka, na kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, kilikuwa chini ya 15. Hiyo 15 ndiyo alama ambayo Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mtu mzima akiwa chini yake amepungukiwa chuma.

Nikamuuliza daktari: mbona kila nikienda kutoa napimwa na napita? Akanieleza, nami nakueleza kwa mfano wa duka. Hemoglobini ni bidhaa iliyo kwenye rafu. Ferritini ni stoo. Mteja akiingia akaona rafu zimejaa, atadhani duka lina mali. Lakini stoo inaweza kuwa tupu, na kilichobaki ni hicho cha rafuni tu. Kile kipimo cha tone la damu kwenye maji ya bluu ya mrututu, tone likizama umepita, kinatazama rafu. Hakiingii stoo.

Na hesabu yake ni hii. Kila ukitoa damu unatoa na chuma cha miligramu 200 hadi 250 hivi. Mwili kwa siku hufyonza kutoka kwenye chakula miligramu moja au mbili tu, na karibu moja hupotea siku hiyo hiyo. Ziada ni ndogo mno. Maji hurudi kwa siku mbili, chembe nyekundu kwa wiki nne hadi nane, lakini chuma huchukua miezi. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuata watoaji damu kwa wiki 24. Karibu theluthi mbili ya wale ambao hawakupewa vidonge vya chuma walifika mwisho wa wiki hizo bila kurudisha akiba yao. Hapa kwetu utaratibu ni mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Huo ndio muda mfupi kabisa unaoruhusiwa. Haina maana kwamba kila mwili umekwisha kujaza stoo siku hiyo ikifika.

Jambo jingine nalisema kwa wanaume wa rika langu. Daktari hakuridhika kusema "ni kwa sababu unatoa damu" na kufunga faili. Aliniuliza kuhusu choo cheusi, vidonda vya tumbo, dawa za maumivu ninazomeza kwa ajili ya magoti, bawasiri, minyoo, kupungua uzito. Mwanamume mtu mzima akipungukiwa chuma lazima itazamwe kama kuna mahali anavuja damu ndani. Nikapimwa, alhamdulillah hapakuonekana kitu. Wewe nawe usikubali kupewa sababu moja kabla hujatazamwe nyingine.

DADA ZETU

Kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kila mwezi wanatoa damu bila kwenda kituoni, na ujauzito na uzazi vinachukua chuma kingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Maana yake, ukiwa na mke na dada, huenda mmoja wao anao sasa hivi na anaendelea kuchota maji na kupika.

Zipo dalili mnazozichukulia mzaha. Binti anayetamani udongo wa kula, ule unaouzwa masokoni, au anayetafuna barafu na mchele mbichi, msimcheke wala msimkemee tu. Mara nyingi ni dalili ya chuma kupungua. Mpelekeni apimwe. Na dada aliyekwenda kutoa akarudishwa kwa sababu damu haitoshi, asione kwamba amefukuzwa kwenye kheri. Amepimwa bure, ameambiwa jambo lake mapema, na nia yake iko kwa Allah.

CHAKULA NA DAWA

Hapa chini ya Mlima Meru jirani zetu Wamaasai na Waarusha wana desturi ya kumpa mtu aliyedhoofika damu ya ng'ombe. Nami nililetewa ushauri huo kwa mapenzi mema. Tunawaheshimu majirani, lakini kwetu damu inayotiririka ni haramu, imetajwa katika Suratul An'am aya ya 145. Allah hakutuacha bila badala. Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) tumehalalishiwa damu mbili, nazo ni ini na bandama. Na maini ni katika vyakula vyenye chuma kingi. Angalizo: mjamzito asile maini kupita kiasi, aulize kliniki.

Asiye na uwezo wa nyama ana dagaa, maharage, dengu, mchicha na mnavu. Chuma cha mboga na nafaka hufyonzwa kwa shida, basi kisaidie: kamulia limau, kula chungwa, embe au pilipili hoho pamoja na chakula. Na kiadui chake ni kile tukipendacho, chai na kahawa. Tunalima kahawa, tunakunywa chai asubuhi na jioni, na mara nyingi tunavinywa juu ya chakula. Viweke mbali na mlo, saa moja au mbili. Maziwa pia huzuia kiasi. Loshoro ni chakula kizuri, lakini mahindi na maziwa mgando peke yake havitakurudishia chuma ulichotoa.

Rangi nyekundu isikudanganye. Bitiruti na juisi ya rozela ni vinywaji vizuri, lakini wekundu si chuma. Aliyepimwa akakutwa na upungufu mara nyingi atahitaji vidonge kwa miezi. Mimi nilipewa. Vinaweza kufunga choo na kukifanya cheusi, usishtuke. Usijiandikie mwenyewe, na uviweke juu kabisa mbali na watoto, maana mtoto akivimeza vingi vinaweza kumuua.

NA WAPAGAZI

Wako wengi kati yenu mnaopandisha wageni. Kilele cha Meru kiko juu ya mita 4,500, na Kilimanjaro ni zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na mzigo u begani. Usitoe damu ukiwa na safari ya mlima wiki chache zijazo. Toa msimu wa mvua ukiwa nyumbani. Vilevile dereva na bodaboda, siku ya kutoa usirudi kazini palepale.

SASA JIBU LA SWALI

Je, tuache kutoa? Hapana.

Allah ametufundisha katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Damu haitengenezwi kiwandani. Wala hainunuliwi: imepokewa kutoka kwa Abu Juhayfa (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza thamani ya damu. Ikiwa hainunuliwi na haitengenezwi, imebaki njia moja, mtu ampe mtu. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri siku mbili. Mtoto mwenye malaria kali na damu imekwisha hawezi kusubiri. Na mnakumbuka Februari 2024 pale Ngaramtoni, ajali moja ikaua watu 25 na kujeruhi wengine. Ajali haitoi taarifa wiki moja kabla ili watu wajipange.

Lakini dini hii haikutaka mtu ajimalize. Salman (r.a.) alimwambia Abu Dardaa (r.a.), aliyezidisha ibada, kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ikamfika Mtume (s.a.w.), akasema Salman amesema kweli. Daktari ameniambia nipumzike mpaka stoo ijae, nami nimetii, na nikirudi nitatoa kwa nafasi kubwa zaidi. Kumtii daktari mwaminifu katika jambo hili ni sehemu ya amana ya mwili.

Ndipo linakuja la kwetu sote. Kutoa damu ni kama faradhi ya kutosheleza. Wakisimama wa kutosha, wengine wamesameheka. Wasiposimama, dhambi inazunguka msikiti mzima. Sasa jitazameni. Kila likija zoezi la damu ni nyuso zilezile kumi na tano. Ijumaa msikiti unajaa mpaka nje, siku ya damu tunajuana kwa majina. Hao kumi na tano wakibeba mwaka hadi mwaka, mmoja baada ya mwingine stoo zao zitakwisha, na faradhi itarudi kwako uliyekuwa unaitazama. Kuanguka kwangu hakukwambii usitoe. Kunakwambia kwamba wachache wametoa mara nyingi mno kwa sababu wengi hawajatoa hata mara moja.

Mara moja kwa mwaka tu, ndugu yangu. Mwenye miaka 18 na kuendelea, uzito kilo 50 au zaidi, mwenye afya. Usiku wake lala. Asubuhi kula. Kabla ya kutoa kunywa maji kama nusu lita. Ukiwa kitini kaza na kulegeza misuli ya mapaja. Ukimaliza usikimbilie kusimama, kaa robo saa, unywe tena. Siku hiyo inuka taratibu kitandani na katika sijida. Wala usimdanganye mhudumu kuhusu uzito, ugonjwa au tarehe uliyotoa mara ya mwisho, kwani sadaka haijengwi juu ya uongo. Na unayetoa mara kwa mara, omba upimwe ferritini, hasa wewe dada.

Zoezi lijalo nitakuwepo, sitatoa. Nitakaa mlangoni nikiandika majina, na ninataka niandike majina nisiyoyajua.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu walioko Mount Meru, KCMC na kila hospitali, wape mama zetu uzazi salama, na uwalipe waliotoa damu zao kwa siri bila kujua zimemfikia nani. Amin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzako. Wallahu a'lam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.